Sentensi Ndefu za Paulo na Sikio la Msharika

Kati ya masomo yanayosomwa kanisani, Waefeso 1:3-14 ni moja ya yale tunayoyasikiliza kwa heshima kubwa na kuyaelewa kwa sehemu ndogo. Msomaji anaanza kwa sifa, anapita kwenye kuchaguliwa, ukombozi, masamaha, siri, urithi na muhuri wa Roho, kisha anafunga Biblia. Tukiulizwa nje ya kanisa somo limesema nini, wengi wetu tutajibu kwamba limesema Mungu ametubariki. Jibu hilo ni kweli. Lakini lingeweza kutolewa na mtu aliyesikia mstari wa kwanza tu akaondoka.

Katika makala hii tunataka kulipima somo hilo kama linavyotufikia kwa Kiswahili, katika Union Version ya mwaka 1952 na katika Biblia Habari Njema iliyofuata miaka zaidi ya 40 baadaye. Tunauliza swali moja: ugumu wake unatoka wapi? Upo ugumu ulio katika jambo lenyewe. Kwamba Mungu alituchagua kabla ya ulimwengu kuwapo ni neno ambalo hakuna tafsiri itakayolifanya jepesi, wala hatuna ruhusa ya kulifanya jepesi. Lakini upo pia ugumu wa mpangilio wa maneno tu, ambao hauna utakatifu wowote. Mara nyingi tunauchanganya ugumu huu na ule. Msharika asiyeelewa somo hudhani kwamba imani yake ni changa, kumbe aliyemlemea ni kitenzi kilichochelewa kufika.

Akili inavyobeba sentensi

Tuchukue sentensi hii: "Mzee ambaye kijana ambaye mwalimu alimfundisha alimsaidia amefika." Haina neno moja gumu, na sarufi yake haina kosa. Hata hivyo msikilizaji anapotea. Sasa tuipange upya: "Mwalimu alimfundisha kijana, kijana akamsaidia mzee, na mzee huyo amefika." Habari ni ile ile, na mtoto wa shule ya Jumapili ataielewa. Tofauti ni kwamba sentensi ya kwanza inatulazimisha tuwashike watu watatu mkononi, bila kujua kila mmoja amefanya nini, hadi vitenzi vije kwa mkupuo mwishoni. Wataalamu wa lugha George Miller na Noam Chomsky waliandika juu ya sentensi za namna hii mwaka 1963, wakaonyesha kwamba zinazidi uwezo wa kumbukumbu yetu ya muda mfupi, hata kama kanuni zote za sarufi zimefuatwa. Jambo hilo halitokani na uvivu wala kukosa elimu. Akili ya binadamu ina mikono michache.

Jambo la pili ni hili. Mwaka 1967 mtafiti Jacqueline Sachs aliwasikilizisha watu habari fupi, kisha akawapa sentensi kutoka katika habari hiyo, nyingine zikiwa zimebadilishwa maneno tu na nyingine zikiwa zimebadilishwa maana. Muda mfupi tu baada ya kusikia, wasikilizaji hawakuweza tena kutambua vizuri kama mpangilio wa maneno umebadilika, lakini walitambua maana ilipobadilika. Kwa hiyo akili inatupa ganda upesi na kubaki na punje. Kwa kanisa hii ni habari njema, na pia ni onyo. Ni habari njema kwa sababu msharika asiyekariri mstari anaweza kuondoka na maana yake kamili. Ni onyo kwa sababu ikiwa punje haikupatikana wakati ganda lilipokuwa bado mkononi, hakuna kitakachobaki. Msikilizaji kanisani hawezi kurudi nyuma mistari mitatu kama anayesoma nyumbani. Sauti ikipita imepita.

Wote ni ngeli moja

Kiswahili kimejaliwa msaada ambao lugha nyingi hazina. Tukisema "kikombe cha mgeni nilichokiosha kimevunjika", hakuna atakayedhani kwamba mgeni ndiye aliyevunjika. Viambishi vya ngeli vinamshika msikilizaji mkono kutoka neno hadi neno. Ndiyo maana habari za mbegu, mashamba, nyavu na taa katika Injili zinapita masikioni kwa urahisi: kila kitu kina alama yake.

Msaada huo unatuacha pale hasa tunapouhitaji. Katika Waefeso 1 wanaotajwa ni Mungu, Baba, Kristo, Mpendwa na Roho, na wote wanachukua viambishi vile vile vya mtu. "Alituchagua", "alitujulisha", "mapenzi yake", "utukufu wake", "katika yeye": ni nani katika kila mahali? Wakati mwingine ni Baba, wakati mwingine ni Mwana, na viambishi havisemi. Katika Kigiriki mistari hii 12 ni sentensi moja ya maneno yapata 200, na uzi unaoishona ni yale maneno "katika Kristo" na "katika yeye", yanayorudi tena na tena. Msikilizaji akiupoteza uzi huo mara moja, hawezi kuupata tena.

Watafsiri wa Union Version waliiona hatari hiyo. Hawakuiacha sentensi nzima ilivyo. Waliikata kwa nukta katika sehemu kadhaa, na pale palipokuwa na shaka waliongeza neno dogo "huyo" baada ya "yeye", kama mtu anayenyoosha kidole kumwonyesha Kristo. Tunalisifu neno hilo. Ni fupi, ni la Kiswahili safi, na linafanya kazi ambayo ufafanuzi mrefu usingeifanya. Lakini linafanya kazi tu ikiwa msomaji analitamka kwa uzito wake. Likisomwa haraka kama maneno mengine, kidole kinashuka na msikilizaji anabaki akiuliza ni nani.

Hatuwezi kusifu kila kitu. Katika mstari wa 10 Union Version ina neno "madaraka", ambalo kwa msharika wa leo ni cheo na mamlaka ya ofisini. Neno la Kigiriki pale linahusu usimamizi, yaani mpango wa mwenye nyumba anayepanga mambo yake hadi wakati wake utimie. Hapa ugumu hauko katika siri ya Mungu. Uko katika neno la Kiswahili ambalo limehama maana katika miaka hii 70. Mchungaji anaweza kuuondoa kwa sentensi moja kabla ya somo.

Nukta na neno "upendo"

Mwishoni mwa mstari wa 4 kuna maneno mawili katika Kigiriki yenye maana ya "katika upendo". Nakala za kale ziliandikwa herufi zikifuatana bila nafasi kati ya maneno, na alama za kituo zilikuwa chache au hazikuwapo kabisa. Kwa hiyo ni sisi tunaoamua kuweka nukta mbele ya maneno hayo au nyuma yake. Union Version imeweka nukta baada yake: tulichaguliwa ili tuwe watakatifu mbele zake, katika upendo. Upendo hapo unaelekea kuwa namna yetu ya kuishi. Habari Njema imeweka nukta kabla yake na kuyaunganisha maneno hayo na mstari wa 5: ni kwa upendo wake Mungu aliazimia kutufanya watoto wake. Upendo hapo ni wa Mungu, nao ndio chanzo.

Ndugu wawili katika sharika mbili wanaweza kusikia somo moja Jumapili moja, mmoja akaondoka na wajibu na mwingine akaondoka na faraja, kwa sababu ya nukta. Nani kati yao amesikia vibaya? Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alilishughulikia swali la namna hii katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, alichokianza mwishoni mwa karne ya 4 na kukimaliza karibu na mwisho wa maisha yake. Alifundisha kwamba msomaji asipojua mahali pa kuweka kituo, kwanza aipime kila maana kwa kanuni ya imani. Zote zikipatana na imani, atazame maneno yaliyotangulia na yanayofuata. Na kama hayo nayo hayakuamua, basi msomaji yuko huru kuchagua.

Sisi tunaona kwamba hapa maana zote mbili zinapatana na imani, na kwamba mwendo wa somo zima, ambamo karibu kila tendo ni la Mungu, unaelemea upande wa Habari Njema. Lakini hatusemi kwamba Union Version imekosea. Tunachosema ni kwamba mhubiri anayelifundisha somo hili anapaswa kujua kwamba nukta ile iliwekwa na watafsiri, asije akajenga mahubiri mazima juu yake kana kwamba iliandikwa na Mtume.

Tunasikia tunachokijua

Iko hatari kubwa kuliko ya kutoelewa, nayo ni ya kudhani kwamba tumeelewa. Mwaka 1981 watafiti Thomas Erickson na Mark Mattson walichapisha uchunguzi juu ya swali ambalo kila kikundi cha kujifunza Biblia kinaweza kulijaribu: Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila jinsi katika safina? Wengi hujibu "wawili" bila kusita. Wengine walio wajuzi zaidi watakumbuka Mwanzo 7:2 na kusema wanyama safi waliingia saba saba, na bado wasimwone Musa. Watu hao wanajua vizuri kwamba mwenye safina alikuwa Nuhu. Lakini Musa anafanana na Nuhu vya kutosha: wote ni wa Agano la Kale, wote wana habari za maji, wote walisema na Mungu. Akili ikaona habari inayoifahamu na kumalizia yenyewe.

Tukifanya hivyo katika swali la maneno machache, tutafanya nini katika sentensi ya maneno 200? Mzigo unapozidi, hatunyamazi na kusema hatujaelewa. Tunaiweka kando sentensi ya Paulo na mahali pake tunaweka sentensi yetu ya siku zote. Aliyelelewa kuogopa hukumu atasikia hukumu. Aliyezoea kuahidiwa mafanikio atasikia, katika "baraka zote", nyumba na gari, ijapokuwa mstari wenyewe unasema ni baraka za rohoni. Wote wawili watatoka wakiamini kwamba Neno limesema nao, kumbe walisema wenyewe. Waraka wa Pili wa Petro unakiri, katika 3:16, kwamba nyaraka za Paulo zina mambo yaliyo magumu kueleweka, na kwamba wapo wanaoyapotoa kwa hasara yao. Huwa tunawaza hapo walimu wa uongo. Lakini inawezekana kulipotoa andiko kwa unyenyekevu wote, ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa, kwa sababu sentensi ilikuwa ndefu na wewe ulikuwa na nyingine fupi tayari.

Kitenzi kimoja, ndoa nyingi

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni rahisi: tukate sentensi zote ziwe fupi. Tunakubali kwa sehemu. Lakini sentensi ndefu hubeba kitu ambacho vipande vyake havibebi, nacho ni uhusiano kati ya jambo na jambo. Ukikata mahali pabaya, unapunguza mzigo na kubadilisha maana kwa pigo moja.

Mfano wenye uzito zaidi uko katika waraka huu huu, sura ya 5. Kuanzia mstari wa 18 Paulo anawaagiza waamini wajazwe Roho, kisha anaeleza jinsi hali hiyo inavyoonekana: wanasemezana kwa zaburi, wanaimba, wanashukuru, na katika mstari wa 21 wanakuwa chini ya wenzao, kila mmoja kwa mwenzake, kwa kumcha Kristo. Ndipo linakuja neno kwa wake katika mstari wa 22. Katika baadhi ya nakala kongwe za Kigiriki mstari huo wa 22 hauna kitenzi chake. Unaazima kile cha mstari wa 21. Maana yake ni kwamba agizo kwa mke limeshikwa kwenye agizo kwa wote, kama tawi kwenye shina, na haliwezi kusimama bila shina hilo.

Sasa tutazame lilivyofika kwetu. Union Version inatumia kitenzi cha kunyenyekeana katika mstari wa 21, na kitenzi kingine, cha kutii, katika mstari wa 22. Sikio la Mswahili haliwezi kujua kwamba ni kitenzi kimoja. Tena, matoleo mengine ya Biblia huweka kichwa cha habari katikati ya mistari hiyo miwili, na katika ndoa nyingi tunazohudhuria somo huanzia mstari wa 22. Shina limekatwa, tawi limeletwa madhabahuni peke yake. Bibi harusi anasikia agizo lake. Bwana harusi hasikii kwamba neno la kunyenyekea lilianza kwa wote wawili. Na ijapokuwa mistari inayofuata inamdai mume upendo wa kujitoa kama Kristo alivyojitoa kwa Kanisa, dai zito kuliko lolote aliloagizwa mke, wengi tumeshashika ule mstari mmoja na kuacha kusikiliza.

Hatuandiki haya ili kuanzisha ubishi wa kijinsia kanisani. Tunayaandika kwa sababu wazee wa kanisa wanaosuluhisha ndoa wanajua mstari wa 22 unavyotumiwa nyumbani, na dada zetu wanajua zaidi. Mume anayemnukulia mke wake mstari huo kwa sauti ya amri anafanya kosa la imani, lakini ni kosa ambalo tumemsaidia kulifanya kwa jinsi tulivyolikata somo. Mahali hapa urefu wa sentensi ulikuwa ulinzi wa mnyonge.

Ezra na Filipo

Maandiko yenyewe yanatupa vielelezo viwili. Katika Nehemia 8, Ezra alisimama juu ya mimbari ya miti na kuisoma torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya wanaume, wanawake na wote walioweza kufahamu. Walawi walikuwa kati ya watu, wakieleza maana ili somo lieleweke. Matokeo yake tunayajua: watu walilia, kisha wakaenda kula na kunywa kwa furaha, na mwandishi anataja sababu ya furaha hiyo kuwa ni kwamba walielewa waliyoambiwa. Kuelewa hakukuwa maandalizi ya ibada. Kulikuwa sehemu ya ibada.

Kielelezo cha pili ni Mwethiopia katika Matendo 8. Alikuwa mtu wa cheo, msimamizi wa hazina ya malkia, na alikuwa akisoma kwa sauti, maana Filipo alimsikia. Hakukosa elimu wala bidii. Aliposhindwa, swali lake halikuwa juu ya neno gumu. Aliuliza nabii anasema habari za nani: zake mwenyewe, au za mtu mwingine? Ni lile lile swali la "yeye" ni nani. Filipo hakumkemea kwa kuuliza, wala hakumwambia aamini tu. Alianzia kwenye andiko lile lile akamhubiri Yesu. Ubatizo ule barabarani ulianza kwa mtu kukiri kwamba hajui anayetajwa ni nani.

Yanayotupasa

Tunamalizia kwa mambo machache yanayoweza kuanza Jumapili ijayo. Msomaji wa somo apewe somo lake mapema wiki hiyo, asilikute asubuhi juu ya mimbari. Alisome nyumbani kwa sauti na kutafuta viungo vyake. Waefeso 1:3-14 ina viungo vinavyoonekana: maneno ya sifa ya utukufu yanarudi katika mstari wa 6, wa 12 na wa 14, na hapo ndipo pa kupumua. Sehemu ya kwanza inamtukuza Baba aliyechagua, ya pili inamhusu Mwana aliyekomboa, ya tatu inamhusu Roho aliye muhuri. Msomaji anayepumua mahali hapo matatu amekwisha kufundisha kabla mhubiri hajasimama.

Mchungaji au mwinjilisti aseme sentensi moja au mbili kabla ya somo gumu, akitaja ni nani anayesema na ni nani anayesemwa. Panapowezekana, somo lisomwe katika Union Version na kurudiwa katika Habari Njema, maana moja inatunza viungo na nyingine inapunguza mzigo. Na somo la ndoa lianzie mstari wa 21, au lisisomwe kabisa.

Kwa sisi tunaosikiliza, upo wajibu pia. Tunapoona sentensi ya Paulo imekuwa nyepesi ghafla na kusema sawasawa na tulivyowaza tangu zamani, tuishuku. Huenda tumemweka Musa ndani ya safina. Tuwe na uhuru wa kumwendea mchungaji, mzee wa kanisa au jirani wa benchi na kuuliza kama yule Mwethiopia: hapa anasemwa nani? Yeye hakuona aibu kuuliza swali hilo, na Luka anatuambia kwamba aliendelea na safari yake akifurahi.